Kesi ya Popo katika Msitu wa Ngezi

Mwanzoni mwa mwaka 1995, kisiwani Pemba, watu waliacha vitanda vyao wakalala nje. Walikusanyika uwanjani, wanaume, wanawake na watoto, wakawasha moto na kukesha bega kwa bega, kwa sababu ilisemekana kuna shetani anayeingia majumbani usiku na kuwalemea waliolala. Jina lake Popobawa. Hofu ikavuka bahari mpaka Unguja, na huko mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, mgeni asiye na wa kumtetea, aliuawa na umati uliodhani umemkamata shetani mwenyewe. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964. Ilipofika Oktoba, urais wa Zanzibar ulitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na katika visiwa vilivyogawanyika hivyo kila upande ulikuwa na la kusema kuhusu nani kamtuma nani.

Habari hizi husimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaozisimulia kwa kicheko, na wako wanaozisimulia kwa sauti ya chini huku wakiutazama mlango. Miye sikuridhika na wowote kati yao, kwani wenye kicheko hawakumsikiliza aliyelemewa, na wenye hofu hawakumhurumia aliyeuawa. Nimezipeleka kwa wanyama ili msomaji asianze kuuliza ninamsema nani wa chama gani.

Basi kaskazini magharibi ya kisiwa, katika msitu wa Ngezi, alikuwako Bi Tumbili aliyekuwa akiuguza mtoto. Mtoto alishikwa na homa, na mama akamkalia macho usiku baada ya usiku mpaka kope zikawa nzito hata mchana. Homa iliposhuka, Bi Tumbili alijilaza chali kwenye panda ya mvule, mtoto ubavuni, usingizi ukamchukua papo hapo.

Kabla ya alfajiri macho yake yalifunguka. Aliyaona majani, akauona mwezi kati ya majani, akamsikia mumewe akikoroma tawi la pili. Alitaka kugeuka, mwili haukugeuka. Alitaka kuinua kidole, kidole kikakataa. Kisha akahisi kitu kimemkalia kifuani, kizito, kikimnyima pumzi, na pembeni mwa jicho akaona weusi mkubwa umesimama unamtazama. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote na hapakutoka sauti. Mtoto alipojigeuza na kumgusa shingo, uzito uliondoka mara moja. Bi Tumbili akakaa kitako, akalia mpaka kulipokucha.

Naomba msomaji amwamini. Hakudanganya wala hakutafuta sifa. Yote aliyoyasema yalimpata kweli, isipokuwa jambo moja, na hilo hakulisema yeye. Alisemewa.

Asubuhi alimweleza jirani yake Kasuku. Kasuku akamuuliza, "Bi mkubwa, kilikuwa na mabawa?" Bi Tumbili akajibu kwamba hakukiona vizuri, kilikuwa cheusi, huenda. Kasuku akarukia mti wa pili na kusema kilikuwa na mabawa. Kwenye mti wa tatu mabawa yakawa yameufunika mwezi. Kwenye mti wa nne aliongeza sharti: atakayepatwa na akaficha, kitamrudia, na safari hiyo kwa ukali zaidi. Popobawa wa 1995 naye alikuwa na sharti hilohilo, na ndilo lililoutia uvumi kasi. Kila aliyepatwa alilazimika kuwa mtangazaji, na msikilizaji hakuweza kupambanua nani anasema kwa kuwa kimempata na nani anasema ili kisimpate.

Usiku wa pili msitu haukulala. Waliozoea kusinzia jua likizama walikaa macho mpaka mwezi ulipopinda, halafu wakaibiwa na usingizi wa vipande vipande, wamelala chali wakitazama juu kitakakotokea. Kulipokucha, Ninga alikuwa amekabwa. Kanga mmoja alikuwa amekabwa. Usiku wa tatu wakawa wengi zaidi. Hapo hata waliokuwa wakitikisa vichwa waliacha, maana ni rahisi kumshuku mtu mmoja, na ni vigumu mno kuwashuku majirani zako wote pamoja na shemeji yako.

Sheha wa msitu, Mzee Paa, akaitisha mkutano chini ya mvule. Siku hiyo alikuwapo Kunguru, aliyekuwa amefika kutoka bandarini Wete, ambako hula mabaki ya majahazi na kusikiliza habari za miji mingi. Kunguru aliomba kusema, akapewa.

"Ndugu zangu," alisema, "hakuna kitu. Hakuna kilichokuja na hakuna kilichomkalia mtu. Huko mjini mambo haya walishayaacha zamani. Wanaoota ni wenye akili ndogo, na mnaowasikiliza ni wadogo kuliko wao. Rudini mkalale."

Kunguru alisema kweli kwamba hakuna aliyekuja. Lakini mkutanoni alikuwapo Perere, mnyama mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, aliyekuwa akisita tangu siku ya kwanza na ambaye hakuwa ameamini habari za mabawa. Usiku uliotangulia Perere naye alikabwa. Aliona aibu, akanyamaza, akawa anatafuta mtu wa kumuuliza kwa siri kama jambo hili lina maelezo mengine. Aliposikia kwamba wanaopatwa ni wenye akili ndogo, alisimama mbele ya wote akatangaza, "Mimi kimenipata, na Kunguru ni mwongo." Tangu hapo Perere akawa shahidi mkubwa kuliko Bi Tumbili. Usiku alilia kutoka juu ya mti ile sauti yake ya kukwaruza inayopanda na kupanda, na kila alipolia wengine waliamka wakidhani kitu kimefika.

Nimeshawaona akina Kunguru wengi, na aghalabu ni watu wasomi. Wana ushahidi mikononi na hawana subira ya kuutoa. Mtu amekueleza mwili wake ulimfungia ndani, nawe unamwambia haukumfungia, wakati yeye alikuwamo na wewe hukuwamo. Baada ya hapo hata ukimwambia jua hutoka mashariki atageuka kuhakikisha. Katika mkutano ule Kunguru aliwapa waumini mfuasi mmoja zaidi, akaruka kurudi Wete akiamini amewaelimisha.

Aliyefaidika ni Ngawa. Ngawa hutembea usiku, na katika tezi zake ana zabadi, manukato mazito ambayo watu wa pwani wameyatafuta tangu zamani. Alikuja mkutanoni na majani aliyoyapaka zabadi, akasema kwamba kitu kile hakipendi harufu hii. Bei yake yai moja kwa kila jani. Tena akashauri kwamba ndege wasilale matunduni peke yao, bali washuke wote walale uwanjani kwa pamoja, wenye majani katikati.

Walishuka. Matundu yakabaki matupu usiku kucha, mayai yakiwa humo bila wa kuyaatamia. Asubuhi Ninga alipanda tunduni kwake akakuta maganda. Akapiga yowe: kitu kimekula wanawe! Wengine nao wakakuta hivyohivyo. Ngawa aliangalia maganda kwa huzuni, akasema ni dhahiri kitu kinazidi nguvu na kila mmoja anahitaji majani mawili. Kwa hiyo ile dawa ndiyo iliyozaa hasara, na hasara ikahesabiwa kuwa ushahidi wa maradhi. Hapakuwa na aliyeuliza ni nani mwingine anayepita uwanjani usiku bila kuogopa.

Mwaka huo ulikuwa pia wa kumchagua sheha mpya. Wanyama wa matawini walikuwa na mtu wao, na wanyama wa ardhini walikuwa na wao, na ilionekana watakwenda karibu sawa. Wa matawini walisema kitu kimetumwa na wa ardhini ili kuwatisha wasijitokeze siku ya kura. Wa ardhini walisema wa matawini wamekifuga wenyewe ili wapate kulalamika. Waliosemezana hivyo hawakuwa wapumbavu. Walikuwa na kumbukumbu za miaka ya nyuma, za majirani waliochukuliwa usiku na hawakurudi, na mwenye kumbukumbu kama hizo hahitaji kushawishiwa sana kwamba usiku kuna mkono wa mtu. Msomaji asiyejua Zanzibar ilipitia nini baada ya 1964 hawezi kuelewa kwa nini shetani wa 1995 alipata masikio mepesi hivyo.

Ikabaki kumtafuta mwenyewe. Kasuku akauliza swali lililoonekana la busara: "Nani kati yetu halali usiku?"

Wakahesabu. Komba halali usiku, lakini Komba ana undugu wa mbali na Tumbili, na wa matawini hawakutaka aguswe. Ngawa halali usiku, lakini Ngawa ndiye mganga. Bundi halali usiku, lakini Bundi anaogopwa tangu enzi za mababu, na hakuna aliyejitolea kwenda kumkamata. Wakabaki Popo.

Popo wa Pemba ni mkubwa kweli. Hapatikani kokote duniani ila kisiwa hiki, na akitanua mabawa upana wake unapata kama mita moja na nusu. Uso wake mwekundu una sura ya mbwa mdogo, macho makubwa. Mchana hulala kwa mamia katika mti mmoja, vichwa chini, wamejifunika mabawa. Magharibi huondoka pamoja, na kama mwezi uko juu, vivuli vyao hupita juu ya msitu. Hakuna mnyama aliyewahi kukaa nao akazungumza nao, kwa sababu wengine wakiamka wao wanalala. Wote waliwaona kila siku, na hakuna hata mmoja aliyewajua.

Kesi ilisikilizwa jioni, ili washtakiwa wawe macho. Mzee wa Popo alishuka akaning'inia tawi la chini mbele ya Sheha.

"Unashtakiwa kuwalemea watu usiku," Sheha alisema. "Unajibu nini?"

"Sheha, sisi hula matunda. Tukienda mbali tunakwenda kufuata maembe au mashelisheli, tunakamua maji, tunatema makapi, mbegu tunazidondosha njiani. Kifua cha mtu hakina kitu cha kutufaa."

"Muongo!" Kasuku alipiga kelele. "Mnaning'inia kichwa chini. Nani mwema anayeishi kichwa chini?"

Ndipo Bundi akasema kutoka kwenye giza la mvule, na wengi wakarudi nyuma. "Sheha, naomba niulize. Bi Tumbili alipatwa usiku gani?"

Bi Tumbili akataja usiku wenyewe. Ninga akataja wake, Kanga wake. Bundi akaendelea, "Usiku wa Ninga na usiku wa Kanga Popo hawakuwapo Ngezi. Maembe yalikuwa yameiva upande wa Chake Chake, wakaondoka wote magharibi na kurudi alfajiri. Nimewaona kwa macho yangu. Komba naye aliwaona, kama atathubutu kusema."

Komba alitazama chini, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Hawakuwapo."

Ukimya ukapita. Kisha Perere akajibu, "Anaweza kutuma kivuli chake na mwili ukabaki Chake Chake."

Watu wakaitikia kwa kishindo. Bundi akangoja watulie. "Mwanangu Perere," akasema, "ikiwa Popo akiwapo ni yeye, na asipokuwapo pia ni yeye, basi nitajie usiku mmoja ambao Popo angeweza kuonekana hana hatia."

Perere hakuwa na jibu. Alitazama huku na huku kutafuta wa kumsaidia, na mimi naamini kwamba pale, kwa muda mfupi, aliuona mlango wa kutokea. Lakini angetoka aende wapi? Mlangoni alikuwa Kunguru, aliyemwita mwenye akili ndogo. Humu ndani walikuwa majirani walioshika mkono wake usiku. Akabaki. Sheha Paa naye, aliyeuelewa ushahidi vizuri kuliko wote, alizitazama kura zake upande wa kulia na upande wa kushoto, akasema hukumu itasomwa baada ya uchaguzi. Popo wakaachwa juu ya mti wao, wala hawakuachiliwa wala hawakuhukumiwa.

Mkutano ulipovunjika, Bundi alimfuata Bi Tumbili.

"Bi mkubwa, kinakuja bado?"

"Kinakuja. Usiku huu nitalala macho."

"Uliniruhusu mkutanoni nikuulize. Niruhusu sasa nikae tawi la jirani, nikutazame ukiwa umelala. Nikiona kitu nitapiga kelele msitu wote usikie."

Bi Tumbili alimwogopa Bundi tangu utotoni, lakini alikiogopa kile kingine zaidi. Akakubali. Mumewe alihamia tawi la mbali.

Bundi alikesha. Karibu na alfajiri aliona macho ya Bi Tumbili yakifunguka, makubwa, yakizunguka. Pumzi zilikuwa fupi fupi. Vidole havikutikisika. Juu ya kifua chake hapakuwa na kitu, wala kwenye tawi, wala hewani. Bundi akaruka, akamgusa kidole kwa mdomo na kumwita kwa jina. Bi Tumbili akashtuka na kukaa.

"Umekiona?" aliuliza akihema.

Hapa ndipo ningependa msomaji asimame, maana hapa hekaya ingeweza kuharibika. Bundi angeweza kusema hakuna kitu, akawa Kunguru. Angeweza kusema amekiona, akawa Ngawa, na kesho akadai yai.

"Nimeona umeshikwa," Bundi alijibu. "Macho yalikuwa wazi na mwili umefungwa. Pumzi zilikubana. Aliyekushika sikumwona, na mimi giza halinizuii kuona panya ardhini."

"Kilikimbia kwa kuwa ulikuwapo."

"Huenda. Tuangalie kesho tena."

Akakesha na kesho, na usiku mwingine. Kila mara Bi Tumbili aliposhikwa, Bundi aliangalia, na alipomgusa kidole aliachiliwa. Kidogo kidogo mama yule akaanza kuuliza mwenyewe. Mbona humjia siku zile alizokesha mno? Mbona hakimjii akilalia ubavu? Mbona mumewe, anayelala fofofo tangu jua kuzama, hajawahi kukiona? Bundi hakumjibu yote. Alimwambia tu alale mapema, alalie ubavu, na mtoto akimhitaji usiku amwamshe baba yake. Kitu kikawa kinakuja mara moja moja, kisha kwa nadra, na kilipokuja alijua kusubiri bila kupigana nacho, akitikisa ncha ya kidole mpaka mwili urudi.

Wakati hayo yakiendelea upande mmoja wa msitu, upande wa pili alianguka mtoto wa popo. Upepo ulimtupa kutoka kwa mama yake, bawa likavunjika, akawa anajikokota kwenye majani makavu karibu na uwanja wa kulala, akilia kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwa karibu. Mmoja akapiga kelele kwamba ndiye huyu. Sitaeleza walivyomfanya. Walikuwa wengi, wote ni wazazi, na hakuna aliyempiga peke yake, kwa hiyo hakuna aliyemuua.

Usiku ule wote walilala vizuri, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda mrefu. Hakuna aliyekabwa. Asubuhi walikumbatiana, wakasema: mnaona? Tulipata aliye sahihi. Hawakuweza kufikiri kwamba walilala kwa sababu walikuwa na hakika, na kwamba hakika hiyo wangeipata hata kama wangempiga kanga au gogo. Raha ya usiku mmoja ilihesabiwa kuwa hukumu ya mahakama. Usiku wa tano baada ya hapo Perere akakabwa tena. Kasuku akasema bila shaka wako wengi.

Popo hawakungoja. Waliondoka magharibi moja, na alfajiri mti wao ulikuwa mtupu. Misimu iliyofuata, chini ya mivule mikubwa hapakuchipua miche, kwa kuwa mbegu zilibaki zilipoanguka, kivulini mwa mama zao, wala hakuna aliyezibeba.

Ulipoitishwa mkutano mwingine, Bi Tumbili alisimama. "Mimi ndiye niliyeanza," alisema. "Nililolisema ni kweli, na leo nalisema tena: nilikabwa. Mabawa sikuyaona. Niliulizwa nikasema huenda. Bundi amekaa nami, ameniona nikikabwa na hakuna mtu. Mnitoe katika ushahidi wenu."

Baadhi walimsikiliza, hasa waliokuwa wamekabwa na sasa wakaona kwamba wanaweza kuacha habari za Popo bila kuitwa waongo. Komba akaungana nao. Hata Perere, siku nyingi baadaye, alikwenda usiku kumwomba Bundi akae naye.

Lakini Ninga alikataa katakata, na naomba asihukumiwe upesi. Bundi alimwambia waziwazi aliyekula mayai yake. Ninga alimsikiliza mpaka mwisho. Kukubali kulimaanisha kwamba wanawe walikufa kwa sababu aliwaacha, kwamba aliwaacha kwa ushauri wa Ngawa, na kwamba yeye Ninga alimlipa Ngawa yai kwa mkono wake mwenyewe. Kama ni Popo, yeye ni mama aliyedhulumiwa na shetani. Kama si Popo, yeye ni nani? Wapo watu wengi wanaoshikilia jambo lisiloaminika kwa sababu hii moja, na hoja haiwafikii kwa kuwa tatizo lao si hoja. Wanahitaji mtu wa kuwaambia kwamba kudanganywa si dhambi, na awaambie hivyo kabla ya kuwathibitishia kwamba wamedanganywa. Katika Ngezi hakutokea wa kumwambia Ninga hivyo.

Hekaya inaishia hapo, na yaliyo nje ya hekaya ni haya. Kukabwa na jinamizi ni jambo la mwili. Katika sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi, ubongo huzima misuli ili tusiinuke tukatenda tunayoyaota. Mara nyingine fahamu huamka kabla misuli haijafunguliwa, na kwa sekunde kadhaa au dakika moja mbili mtu hujikuta macho ndani ya mwili usiomtii, ndoto ikiendelea kumwonyesha vitu ndani ya chumba chake mwenyewe. Uchovu, usingizi wa kukatika na kulala chali huongeza jambo hilo. Kwa hiyo kijiji kinachokesha kwa hofu ya kukabwa kinajiandalia kukabwa.

Wajapani wanalijua, na wavuvi wa Newfoundland nchini Kanada wanalijua. Hao wa Newfoundland husimulia kikongwe anayekuja kukaa kifuani. Mtafiti wa Marekani David Hufford aliwachunguza watu wa Newfoundland na wengine, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1982 alionyesha kwamba hata wasiowahi kusikia habari za kikongwe hupatwa na mambo yaleyale: macho wazi, mwili umefungwa, uzito, na hisia ya kuwapo mtu. Linalompata mtu hutangulia imani. Kijiji huja baadaye kumpa jina na uso, na jina likishapatikana, mwenye uso unaofanana nalo yuko hatarini.

Popo wa kweli wa Pemba hakuponzwa na uvumi. Alikuwa akimalizwa kwa kuwindwa kwa kitoweo na kwa kukatwa misitu, hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikahofiwa atatoweka. Wanavijiji walianzisha vilabu vya kumlinda, Kidike wakayahifadhi makazi yake, na hesabu za baadaye zilifika takriban 20,000. Waliomlinda ni majirani wa wale waliokesha nje mwaka 1995, na huenda wengine ni walewale.

Uvumi wa Popobawa ulisikika tena mwaka 2007, safari hiyo Dar es Salaam, na utasikika tena mahali pengine kwa jina hilo au jingine. Ukifika mtaani kwako, mwulize aliyekabwa alilala saa ngapi, kwa muda gani hajapata usingizi wa kutosha, na ana msiba au mgonjwa gani nyumbani. Usimcheke. Kaa naye usiku huo, umshike mkono macho yake yakifunguka. Na ukisikia watu wameanza kumtaja mtu kwa jina, hasa mgeni au mgonjwa asiye na ndugu wa karibu, mtoe hapo kabla hakujachwa.